Mtoto mwenye mtindio wa ubongo: Subira isitufanye tuache tiba na haki yake



Ndugu msomaji, wiki hii safu yetu ya afya na usafi inazungumzia jambo ambalo katika nyumba nyingi za hapa Babati husemwa kwa sauti ya chini, na katika nyumba nyingine halisemwi kabisa. Ni habari ya mtoto aliyefikisha miezi tisa na shingo bado haijakaza, miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi, ngumi hazifunguki, na kila akilishwa anapaliwa.

Katika familia yenye mtoto kama huyu husikika maneno ya aina tatu. Wa kwanza husema ni jini. Wa pili husema Mwenyezi Mungu ndivyo alivyopanga, basi tunyamaze. Wa tatu husema kwa hasira kuwa ni yule nesi wa zamu ya usiku. Wakishasema wote, kila mmoja huenda zake, na mtoto anabaki chumbani amelala chali. Mara nyingine hata baba huondoka, akamwachia mama peke yake mzigo wa kulea na wa kulaumiwa.

Makala hii haikusudii kumpa mtu matumaini ya uongo, wala kumchochea mtu agombane na hospitali. Ninachotaka tukielewe ni kuwa mtoto huyu ana haki mbili, nazo zote huharibika kwa kucheleweshwa. Ya kwanza ni haki ya kutunzwa mwili wake, kwani viungo visivyonyooshwa leo kesho vitakuwa vigumu. Ya pili, iwapo madhara yake yalitokana na uzembe wa mtoa huduma, ni haki ya kufidiwa, na sheria imeiwekea muda.

Mtindio wa ubongo ni nini?

Mtindio wa ubongo ni hali inayotokana na ubongo wa mtoto kuumia wakati ungali unakua, ama tumboni, ama wakati wa kuzaliwa, ama katika miaka ya mwanzo ya maisha yake. Jeraha lenyewe haliongezeki, lakini matokeo yake hubadilika kadiri mtoto anavyokua. Hali hii haiambukizi. Si laana, na wala mama hakuipata kwa kupita njia panda usiku.

Utafiti uliofanyika Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2017, ulikuta karibu watoto 3 katika kila 1,000 wana hali hii. Kwa hiyo, ewe mzazi, hauko peke yako, hata kama mtaani kwako hujawahi kumwona mtoto mwingine wa namna hiyo. Pengine yupo nyumba ya tatu, naye amefichwa kama wako.

Tena usidhani kuwa kila mwenye mtindio wa ubongo hana akili. Wapo wasioweza kutembea wala kutamka vizuri, lakini wanaelewa kila neno linalosemwa mbele yao, yakiwemo yale ya kuwadharau. Wengine wana ulemavu wa akili pia, na wengine wana kifafa. Kila mmoja apimwe kwa hali yake.

Hutokana na nini?

Sababu ni nyingi, na baadhi hazina mkosaji. Mtoto anaweza kuzaliwa njiti. Ubongo unaweza kuwa haukujengeka sawasawa tumboni, au mama alipata maambukizi wakati wa ujauzito. Katika nchi zetu kuna sababu nyingine nne ambazo ni lazima kila nyumba izijue: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali katika siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, na malaria iliyopanda kichwani.

Kuhusu manjano, mtoto akionekana wa njano ndani ya saa 24 za mwanzo, au manjano ikafika kwenye viganja na nyayo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumwanika juani asubuhi hakutoshi, kwani huhitaji mwanga maalumu wa hospitali. Hali kadhalika, akina mama wanaohifadhi nguo za mtoto sandukuni pamoja na vidonge vya naftalini vya kufukuza wadudu waache jambo hilo. Kwa watoto waliorithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, naftalini huweza kuvunja chembe za damu na kuleta manjano ya kuharibu ubongo.

Kosa la kitabibu ni lipi?

Hapa ndipo panapohitaji uadilifu kwa pande zote mbili. Matokeo mabaya peke yake si ushahidi wa kosa. Daktari anaweza kufanya kila alilopaswa kufanya, na bado mtoto akaumia. Kosa ni pale anapoacha jambo ambalo mtaalamu wa kiwango chake alipaswa kulifanya, au anapofanya lisilopaswa.

Chukua mfano wa mama aliye katika uchungu uliokomaa. Kwa mujibu wa miongozo, mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kusikilizwa kila baada ya nusu saa, na njia ipimwe kila baada ya saa nne. Haya yote huandikwa kwenye chati ya uchungu, iitwayo patografu. Ikiwa chati inaonyesha kuwa mama alikaa saa nyingi bila kupimwa, au mapigo yalishuka na hakuna aliyeita daktari wala kuandika rufaa, hapo pana swali linalohitaji jibu. Vile vile mtoto aliyezaliwa bila kupumua anatakiwa awe ameanza kusaidiwa kupumua ndani ya dakika moja. Kama kifaa cha kumpulizia hewa kilikuwa kimefungiwa kabatini na mwenye ufunguo hayupo, hilo nalo ni swali.

Kwamba mengi ya haya yanazuilika, ushahidi tunao hapa hapa mkoani kwetu. Mpango wa kuwafundisha wahudumu kuzalisha kwa usalama, ulioongozwa na Hospitali ya Haydom iliyopo Mbulu, uliendeshwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara ikiwa mmojawapo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025. Yalionyesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia zipatazo 40. Watu ni wale wale na wodi ni zile zile. Kilichobadilika ni mazoezi ya mara kwa mara na vifaa kuwekwa karibu.

Na makosa hutokea hata katika hospitali kubwa. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walichanganywa. Aliyekuwa na tatizo la goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuwa na tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Sisi ambao katika kila mtaa tuna akina Fatuma Juma wanne na akina Ramadhani Omari watano tuna la kujifunza hapo. Ukimfikisha mgonjwa wako hospitali, taja majina yote matatu na mwaka wa kuzaliwa, na usione haya kumuuliza mhudumu: "Hii dawa ni ya nani?"

Je, kudai ni kupinga qadari?

Wapo ndugu wanaosema kuwa kumshitaki mtoa huduma ni kukosa imani. Ndugu yangu, kuridhika na qadari ni kazi ya moyo, nako hakuzuii kutafuta haki ya asiyeweza kujitetea. Mtu akigongwa na gari, tunasema imeandikwa, na dereva mzembe bado anawajibika.

Wanazuoni wetu wa fiqhi walilizungumza jambo hili zamani. Anayejitia utabibu bila kuwa na elimu yake hubeba dhima ya madhara anayoyasababisha. Ama tabibu mjuzi aliyepewa idhini na akafuata taratibu za fani yake, huyo hadhaminishwi kwa matokeo asiyoyamiliki. Utaona kuwa hili halipishani na sheria ya nchi. Mahakama nayo huuliza mambo manne: je, mhudumu alikuwa na wajibu kwa mgonjwa huyu? Je, aliuvunja? Je, mtoto aliumia? Na je, aliumia kwa sababu ya kuvunjwa wajibu huo na si kwa sababu nyingine? Hili la nne ndilo gumu zaidi, na kesi nyingi huangukia hapo.

Mifano ya waliosikilizwa ipo. Jirani zetu Uganda, mwaka 2011, mama mmoja aliyepata uchungu pingamizi katika hospitali ya wilaya ya Nakaseke alikaa saa nyingi bila daktari wa zamu kupatikana, hadi akafariki. Familia yake, ikisaidiwa na shirika la CEHURD linalotetea haki ya afya, ilikwenda mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliiamuru halmashauri ya wilaya kulipa shilingi za Uganda milioni 35.

Huko Scotland mtoto alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1999. Mama yake alikuwa na kisukari na umbo dogo, na hakuambiwa hatari ya mabega ya mtoto kukwama. Mabega yalikwama kwa dakika 12, na mtoto akapata mtindio wa ubongo. Mahakama mbili zilimkatalia mama huyo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ijulikanayo kwa jina la Montgomery, ilimpa ushindi na fidia ya pauni milioni 5.25. Mtoto alikuwa amefikisha miaka 15. Ndiyo maana nasema njia hii inataka subira ya kweli, ile inayotembea huku ikivumilia.

Karatasi kwanza

Kabla hujamtafuta wakili, tafuta karatasi. Shahidi wa usiku ule ni maandishi, na maandishi hupotea, hulowa, na huliwa na mchwa. Kusanya na uhifadhi haya: kadi ya kliniki ya mama, kadi ya mtoto, karatasi ya ruhusa kutoka wodini, barua ya rufaa, risiti, majibu ya vipimo, na tangazo la kizazi. Toa nakala mbili za kila kimoja, moja ikae kwa ndugu mwingine.

Kisha mwandikie Mganga Mfawidhi wa kituo barua ya heshima, uombe nakala ya faili la mama na mtoto, ikiwemo patografu na alama za Apgar. Hizi ni alama ambazo mtoto hupewa dakika ya kwanza na ya tano baada ya kuzaliwa, juu ya 10, kuonyesha alivyolia, alivyopumua na rangi aliyokuwa nayo. Baki na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake zinazohifadhiwa na taasisi, na taarifa za afya zimo.

Hali kadhalika, mama akae na mtu anayejua kuandika, asimulie kila anachokumbuka: alifika saa ngapi, nani alimpima, chupa ilipasuka lini, mtoto alilia au hakulia, degedege lilianza siku gani. Mtoto aliyeumia kwa kukosa hewa mara nyingi huonyesha dalili katika siku za mwanzo, kama kulegea, kushindwa kunyonya na kupata degedege. Andikeni yaliyotokea tu. Ukiongeza uongo mmoja, ukweli wako kumi utatiliwa shaka.

Wapi pa kwenda

Anza na kituo chenyewe. Mara nyingine familia inachohitaji ni maelezo, na kituo kikieleza kwa uwazi moyo hutulia. Usiporidhika, nenda kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, kisha wa Mkoa. Malalamiko juu ya mwenendo wa daktari au tabibu hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, lililopo chini ya sheria ya mwaka 2017. Ya muuguzi au mkunga hupelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Elewa kuwa mabaraza haya yanaweza kuonya, kusimamisha au kumfutia mtu usajili, lakini si kazi yao kukulipa fidia. Fidia hutoka mahakamani au kwa makubaliano.

Kwa msaada wa kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamwezesha asiye na uwezo kusaidiwa bure. Muulize afisa ustawi wa jamii wa halmashauri akuonyeshe wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Hawa hawasimami mahakamani kwa niaba yako, lakini watakuelekeza na kukuunganisha na mashirika yenye mawakili, kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA.

Muda ndio unaowaponza wengi. Madai ya madhara ya aina hii yana ukomo wa miaka mitatu. Mtoto ana nafuu yake, kwani hesabu yake huanza anapotoka utotoni, lakini madai ya mzazi mwenyewe, kama gharama alizotumia, hayana nafuu hiyo. Na hata kama sheria inamsubiri mtoto, mashahidi hawasubiri. Wahudumu huhamishwa, hustaafu, na hufariki.

Kama kituo ni cha serikali au halmashauri, ni lazima kwanza kutoa notisi ya siku 90, nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Kwa bahati njema, Mahakama Kuu sasa ina masjala yake ndogo hapa Babati, hivyo si lazima kupanda basi la Arusha. Mtoto hushitaki kwa jina lake mwenyewe kupitia mtu mzima anayemsimamia, aghalabu mzazi.

Tahadhari tatu. Usisaini karatasi yoyote ya "yaishe" kabla wakili hajaisoma, kwani shilingi laki tano za leo haziwezi kumlea mtu kwa miaka 40. Pili, shauri la mtoto likishafika mahakamani, mzazi hawezi kulimaliza kwa mapatano bila idhini ya mahakama, na fedha itakayopatikana ni mali ya mtoto. Si ya kujengea nyumba ya baba mkubwa. Tatu, usisambaze jina la nesi kwenye simu za watu. Unaweza kumdhulumu asiye na kosa, na ukageuka wewe kuwa mshitakiwa.

Nyumbani, tusingoje hukumu

Kesi yaweza kuchukua miaka. Mtoto anakula leo. Kwa hiyo, shikeni haya tangu sasa.

Mpeleke kwenye idara ya mazoezi ya viungo katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Hata kama ni mara moja kwa mwezi, nenda ufundishwe, kisha ufanye nyumbani kila siku. Wakati mzuri ni baada ya kumwogesha kwa maji ya vuguvugu, misuli ikiwa imelegea. Mnyooshe taratibu, usivute kwa nguvu. Ukimbeba kwa mbeleko, mpanue miguu mgongoni au kiunoni, kwani hilo husaidia miguu isipishane. Fundi seremala anaweza kumtengenezea kiti cha pembe chenye meza mbele, ili akae wima aone watu.

Wakati wa kumlisha, asilale. Mkalishe wima, kidevu kiinamie mbele kidogo, kijiko kiwe kidogo, chakula kiwe kizito kiasi, si maji maji sana. Asipomeza la kwanza, usimtilie la pili. Akishakula abaki wima nusu saa. Wengi wa watoto hawa huugua vichomi kwa sababu chakula huingia mapafuni, na wengine hudhoofika kwa njaa ilhali chakula kipo.

Kuhusu usafi, udenda ufutwe kwa kitambaa laini kikavu na kibadilishwe mara kwa mara, la sivyo kidevu hutoka vidonda. Meno yapigwe mswaki laini mara mbili kwa siku. Anayeshindwa kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, na kila siku mwogeshaji akague makalio, visigino na mgongo. Pakionekana wekundu usioondoka, hapo ndipo kidonda kinapoanzia. Choo kikiwa kigumu, ongeza maji, papai na mboga za majani. Mwenye kifafa asikatishiwe dawa ghafla, na akianguka alazwe ubavu. Asitiwe kijiko mdomoni.

Akibaleghe, stara yake ilindwe kama ya mtu mwingine yeyote. Binti asaidiwe na mwanamke, kijana asaidiwe na mwanamume, mlango ufungwe, na asiachwe na kila mpita njia, kwani walemavu hudhulumiwa zaidi na watu wa karibu. Mwenye akili timamu afundishwe swala kwa kadiri awezavyo, hata kwa ishara. Asiyeweza kuzuia mkojo asafishwe na kubadilishwa nguo, kisha atawadhishwe kila wakati wa swala unapoingia. Muulizeni shekhe wenu hukumu zake kwa utulivu, badala ya kumwambia kijana kuwa dini haimhusu.

Na nyinyi majirani mnaosoma makala hii, mna sehemu yenu. Mama wa mtoto huyu halali. Mchukulie saa mbili za Jumamosi akaoge, aende sokoni, asali kwa utulivu. Kama unajua kuandika, mwandikie ile barua ya kuomba faili. Kama una bodaboda, mpeleke mazoezini. Baba naye arudi nyumbani, kwani madai ya haki dhidi ya hospitali hayana uzito kwa mzazi aliyeacha haki ya mtoto iliyo juu yake mwenyewe.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowalea, na atujaalie sisi tunaohudumu mawodini tuwe wakweli tunapopata na tunapokosa.

Wabillahi tawfiq.